Makako Ameiba Tena

Kila Jumamosi saa nane mchana, kwenye chumba chetu cha vijana hapa Nsambya, kuna laptop moja ya zamani na watoto kumi na wawili wanaoigombania. Kama jua linawaka tunacheza mpira nje. Mvua ikinyesha tunaingia ndani na kufungua mchezo unaoitwa Dwarf Fortress. Nataka kuandika juu ya mchezo huo, na hasa juu ya viumbe wake fulani: watu wenye umbo la nyani ambao kazi yao ni kuja kuiba. Nimeucheza na vijana karibu miaka miwili, naupenda kabisa, na kuna siku ulinitia aibu. Yote mawili nitayasema.

Kwa wale wa Nakivale, Kyangwali au Kyaka ambao hawajauona, nieleze kwanza. Ndugu wawili wa Marekani, Tarn Adams na Zach Adams, waliutoa mara ya kwanza mwaka 2006, bure. Desemba 2022 toleo lenye picha nzuri likaanza kuuzwa, lakini lile la zamani bado unalipata bila kulipa hata shilingi, na ndilo letu. Halina picha. Skrini imejaa herufi na alama za rangi: kibete ni kauso kadogo kanakotabasamu, mnyama ni herufi, mti ni alama. Mtu akiangalia begani kwako anafikiri kompyuta imeharibika. Lakini makumbusho ya sanaa ya MoMA kule New York iliuweka katika mkusanyo wake mwaka 2012, pamoja na Pac-Man na Tetris, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayeona kwamba hapa kuna kitu.

Mchezo unaanza hivi. Vibete saba wanafika mahali wasipopajua, na gari moja la kukokotwa, na vitu vichache walivyobeba. Lazima wachimbe mlima, walime, wapike, walale mahali. Msimu ukigeuka, ujumbe unatokea kwamba wahamiaji wamefika, na wewe unawatafutia kitanda na kazi. Kila kibete ana mawazo yake na unaweza kuyasoma: huyu amekasirika kwa sababu alinyeshewa, yule ana huzuni kwa sababu aliona maiti ya rafiki, mwingine amefurahi kwa sababu ya chakula kizuri. Mara ya kwanza niliposoma hayo kwa sauti, chumba kilinyamaza. Mtoto mmoja akauliza, "Yaya, hawa nao ni wakimbizi?" Sikujua nimjibu nini. Nikamwambia karibu.

Sasa wezi. Ukijenga ngome yako kwenye nchi ya joto yenye msitu, siku moja utaona kundi linatoka kwenye miti. Ni nusu nyani, nusu mtu. Wanatembea, wana mikono, wanakuja mpaka kwenye mlango wako, wanashika kitu chochote kilichoachwa nje, shoka, kikombe, nguo, wanakimbia nacho mpaka mwisho wa ramani. Wakishavuka mwisho wa ramani, kitu kimekwenda. Vibete wako wanaacha kazi na kutawanyika. Ni vurugu tupu, na watoto wanacheka mpaka wanalala chini.

Huo wizi umetengenezwa vizuri, lazima niseme. Katika michezo mingi mwizi anakupunguzia namba tu: ulikuwa na mia, sasa una tisini. Hapa anaiba kitu kimoja ambacho unakifahamu. Unajua nani alikitengeneza, kwa chuma gani, kilikuwa kimelala chumba gani. Yeyote aliyewahi kuibiwa sufuria yake moja anajua tofauti hiyo. Tena ukiingia ndani ya faili za mchezo, ambazo mtu yeyote anaweza kuzifungua na kuzisoma, alama inayomfanya nyani aibe haisemi neno "mwizi". Inasema kwa Kiingereza kitu kama "mnyama mdadisi". Wapo wadadisi wa kula, wapo wadadisi wa kunywa, na wapo wadadisi wa vitu. Mtengenezaji alipoandika aliona udadisi. Sisi tuliokaa mbele ya skrini ndio tuliopiga kelele ya mwizi.

Na hapo kwenye kelele ndipo ninapoingia mimi. Mchezo ni wa Kiingereza. Watoto wangu wengi wanatoka Kivu na Ituri. Wana Kiswahili chetu cha Kongo, wana Kifaransa kidogo cha shule, na Kiingereza wanakitafuta bado. Kwa hiyo mimi ndiye ninayesoma na kutafsiri. Jina la kiumbe kwenye skrini ni refu, ni la kitabu cha sayansi: mtu wa aina ya makaki, nyani wa Asia. Nikasema tu "makako". Lilikuwa neno fupi, tayari wote wanalijua, na lilichekesha. Tangu siku hiyo kila kundi likitoka msituni watoto wanaruka: "Yaya, makako ameiba tena!" Tukawa mafundi. Tuliweka mitego ya vizimba mlangoni, tulifunga mbwa kwenye minyororo, tulipanga wapiga mishale juu ya ukuta. Siku tuliyokamata watano kwa mara moja tulipiga makofi kama Kongo imefunga bao.

Kisha ikaja Jumamosi ya chaja.

Kulikuwa na kijana mgeni, miaka kumi na mitatu hivi, hajamaliza mwezi tangu afike Kampala na shangazi yake. Alikuwa kimya. Alipenda kusimama nyuma na kuangalia vitu: simu ya mwenzake, viatu, hiyo laptop. Aliangalia sana, kama mtu anayetaka kujua kila kitu kinafanya nini. Siku hiyo chaja ya simu ya kijana mwingine ikapotea. Tukatafuta chini ya meza, kwenye mifuko, nje. Halafu sauti moja ikasema, bila hasira, kwa utani kabisa, "Ni ule makako wa mupya njo aliiba." Chumba kizima kikacheka. Na mimi, msomaji wangu, nilitabasamu. Si muda mrefu, labda sekunde mbili. Lakini aliniona.

Chaja ilipatikana Jumatatu. Mwenyewe alikuwa ameiacha nyumbani kwao, kwenye tundu la umeme. Yule mgeni hakurudi Jumamosi iliyofuata, wala ile nyingine, wala ya tatu.

Katika hizo wiki tatu nilifanya jambo ambalo kwa kawaida sifanyi juu ya mchezo wa kompyuta. Nilikaa nikafikiri. Neno lile limetoka wapi? Kwa nini lilikuwa tayari mdomoni mwangu?

Wataalamu wa lugha wanasema Wareno waliichukua "macaco" kutoka lugha za Kibantu za upande wa Kongo na Angola. Ni neno letu. Lilipanda meli likaenda Ulaya, Wafaransa wakalifanya "macaque", na watu wa sayansi wakalibandika kwa nyani ambao wengi wao wanaishi Asia. Aina moja tu iko Afrika, kule kaskazini, Moroko na Algeria. Kongo yote haina hata makaki mmoja wa porini. Lakini neno lilirudi. Wakati wa Wabelgiji ndilo lilikuwa tusi la mzungu kwa Mwafrika, barabarani, kazini, sokoni. Babu zetu walilisikia kila siku. Wazee wengi watakuapia kwamba Lumumba, tarehe 30 Juni 1960, alimwambia mfalme wa Ubelgiji usoni kwamba sisi si makaki wenu tena. Hotuba yake imeandikwa na maneno hayo hayamo. Alichosema ni juu ya dhihaka, matusi na kipigo, na juu ya Mwafrika kuitwa "wewe" kama mtoto kwa sababu heshima ilikuwa ya wazungu tu. Lakini naelewa kwa nini watu waliliweka neno lile mdomoni mwake. Walitaka mtu mmoja mkubwa awarudishie hilo neno walikotoka nalo.

Na haikuwa tusi la mdomo peke yake. Mwaka 1906, miaka mia moja kamili kabla ya mchezo huu kutolewa, kijana wa Kongo aliyeitwa Ota Benga aliwekwa katika nyumba ya nyani kwenye bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na orangutani, ili watu waje kumtazama. Nusu mtu, nusu nyani: ndivyo walivyotaka watazamaji waone. Wachungaji weusi wa mji ule walipiga kelele mpaka akatolewa. Mwaka 1916 alijiua. Wasimamizi wa bustani ile waliomba msamaha hadharani mwaka 2020, na wakati huo sisi tulikuwa tumeshazaliwa, tumeshakimbia, na wengine tumeshasahau.

Sisemi kwamba ndugu wa Adams walimfikiria Ota Benga. Hapana. Katika mchezo wao karibu kila mnyama ana mtu wake: kuna mtu-panya, mtu-tembo, mtu-kasuku, mtu-konokono. Ni orodha. Mashine imechukua kila mnyama na kumpa mikono na akili. Kosa lao, kama lipo, si chuki. Kosa la kutumia neno la tusi katika chumba cha watoto wa Kongo ni langu mimi. Lakini mhakiki hawezi kuishia kwenye kosa lake mwenyewe na kuacha kazi anayoichambua, kwa hiyo hebu turudi kwenye mchezo. Kuna mambo matatu ambayo niliyaona tu baada ya kuona aibu.

La kwanza. Hao watu-nyani, mchezo wenyewe unasema wana uwezo wa kusema na kujifunza. Imeandikwa katika faili. Si wanyama. Vibete wanalijua hilo, kwa sababu desturi yao inawakataza kabisa kula nyama ya kiumbe mwenye akili, hata akiwa adui. Ukimuua mtu-nyani mlangoni, mpishi wako hatamgusa. Basi fikiria: sheria inamheshimu akishakuwa maiti. Akiwa hai, anayekuja na mkono mtupu, hakuna kitufe cha kumuuliza, "Ndugu, unatafuta nini?" Kuna mtego, mbwa na mshale. Wapo na wezi wengine katika mchezo, wadogo, wanaoitwa kobold, wanaoishi mapangoni. Kila taifa lina lugha yenye maneno na maana, na majina yao yanaweza kutafsiriwa. Makobold wana milio tu. Taifa la wezi ndilo taifa lisilotafsirika. Mimi niliyefika Uganda bila neno hata moja la Kiganda wala Kiingereza najua jinsi mtu asiyetafsirika anavyotazamwa dukani.

La pili ndilo lililonikamata zaidi. Wiki chache kabla ya Jumamosi ya chaja, msafara wa wafanyabiashara ulikuja kwenye ngome yetu, watu wa msituni, na nguo na matunda na wanyama katika vizimba. Vijana wakaona kwamba pale kwenye biashara kuna kitufe cha kunyang'anya. Unabonyeza, mali yote ni yako, hulipi kitu. Wakabonyeza. Tukafurahi, tukagawa nguo. Hakuna hata mmoja aliyesema mwizi. Na tangu toleo la 2017 unaweza kutuma kikosi cha vibete kwenye mji wa wengine wakachukue vitu na kurudi navyo. Mchezo unaita kitendo hicho kazi ya kikosi. Mtu-nyani anachukua shoka moja lililosahaulika nje, ni mwizi. Sisi tunachukua mzigo wa msafara mzima, ni mabwana wa ngome. Yaani tofauti si kitendo. Tofauti ni nani ana ukuta.

Nilipowaambia vijana hivyo walibisha, na walibisha vizuri. Mmoja alisema, "Lakini yaya, mahindi yetu kule Kyangwali nyani walikuwa wanakula kweli, mama alikuwa anashinda shambani na kopo la kupiga." Ana haki. Makazi ya Kyangwali yako karibu na msitu wa Bugoma, na mtu aliyelima robo ya eka kwa jembe la mkono halafu akaamka akakuta mabua matupu hawezi kusikiliza mahubiri juu ya udadisi wa nyani. Kuibiwa kunauma. Aliyeibiwa ana haki ya kulia na kufunga mlango wake. Sitaki mchezo ambao wizi si kitu. Ninachosema ni kwamba mchezo huu, unaojua hata kwamba kibete fulani alilala bila kitanda tarehe fulani, unaoandika historia ya dunia kwa mamia ya miaka kabla hujaanza kucheza, haukujali kuandika njaa ya yule anayekuja mlangoni. Unajua huzuni ya aliyepoteza, na ya aliyechukua haukuitafuta.

La tatu ni jambo zuri, na kwa sababu ya hilo bado tunacheza. Tangu mwishoni mwa 2015 unaweza kujenga baa ndani ya ngome, na wageni wakaanza kuja: waimbaji, wacheza ngoma, askari wa kukodiwa. Mgeni akipenda mahali anaweza kuleta ombi la kukaa. Linatokea kwenye skrini: fulani wa fulani anaomba kuishi hapa, kwa ajili ya kuburudisha watu. Chini kuna kukubali na kukataa. Akikaa miaka, anaweza kuomba uraia. Sasa sikia. Katika ile wiki ya pili ambayo kijana yule hakuja, ombi lilikuja, na mwombaji alikuwa mtu-nyani. Wa aina ileile kabisa. Lakini huyu alitoka mji mwingine, alizaliwa kati ya watu, alikuwa mpiga muziki, na alikuwa na jina. Wale wa msituni wanaokuja kuiba hawana jina, wanaitwa kwa aina yao tu. Huyu alikuwa na jina refu la maneno mawili na historia ya maisha.

Chumba kilikaa kimya kama ile siku ya kwanza. Mmoja akasema, "Lakini huyu ni..." akaacha. Hakumalizia. Mimi pia sikummalizia.

Walipiga kura ya mikono. Wakamkubali. Wakampa chumba karibu na jiko.

Mwaka uleule wa 2006 mchezo huu ulipotoka, Uganda nayo iliandika Sheria ya Wakimbizi, inayotupa haki ya kufanya kazi na kutembea, na inayosema ombi la mtu lazima lisikilizwe. Tunaosoma jarida hili tunajua maana ya kukaa kwenye benchi na karatasi mkononi, ukisubiri mtu akuulize jina lako, ulitoka wapi, nini kilitokea. Kuna siku nilichoka sana na benchi hilo. Lakini mchezo ulinionyesha upande wa pili wake: anayepata benchi angalau anaulizwa. Upungufu mkubwa wa Dwarf Fortress, kwa maoni yangu, ni kwamba ina milango miwili na hakuna njia kati yake. Mwenye jina anapita mlango wa ombi. Asiye na jina anapita mlango wa mtego, na hata aje mara mia na kuangalia vitu vyetu kwa macho makubwa namna gani, mchezo hautamgeuza kuwa mwombaji. Ingekuwa kazi ndogo tu kwa watengenezaji waliokwisha kufanya makubwa: mwizi aliyekamatwa kwenye kizimba aweze kuongea.

Hadithi zetu zilishafanya kazi hiyo zamani. Ile ya tumbili na papa, iliyochapwa katika kitabu cha Edward Steere mwaka 1870, nilisimulia Jumamosi moja bila umeme. Watoto walichanganyikiwa kwanza, kwa sababu kwetu Kongo papa ni baba. "Papa anataka moyo ya tumbili juu ya nini?" Nikaeleza kwamba huyu ni papa wa baharini. Tumbili anakaa mtini, anamrushia papa matunda kila siku, wanakuwa marafiki. Halafu papa anamwalika kwao, na katikati ya bahari anamwambia ukweli: sultani wao ni mgonjwa na dawa yake ni moyo wa tumbili. Tumbili anajiokoa kwa akili, anasema moyo ameuacha mtini. Niliwauliza, humu mwizi ni nani? Wakasema papa. Mmoja akasema tumbili ndiye aliyekuwa anagawa chakula. Kwa hiyo hata katika hadithi ya zamani namna hiyo, walijua kumpa nyani mdomo wa kusema na moyo wa kuogopea.

Na hapa Kampala penyewe tunapoishi, Waganda wana ukoo wa Nkima, ukoo wa nyani. Nyani ndiye mwiko wao, hawamli, na mkuu wa ukoo, Mugema, ni mtu mzito sana, ana nafasi yake katika kumsimika Kabaka. Jirani yangu ni wa ukoo huo. Nilipomwambia kwamba kwetu kumwita mtu nyani ni kumtukana alinitazama kwa mshangao, akasema, basi ninyi mlifundishwa na nani? Nikamjibu kwa ufupi. Akatikisa kichwa.

Wiki ya nne nilikwenda nyumbani kwa shangazi ya yule kijana. Sikwenda na maneno mengi. Nilimwomba shangazi ruhusa, nikakaa, nikanywa chai, halafu nikamwambia kijana mbele yake kwamba chaja ilikutwa Jumatatu, kwamba neno lile mimi ndiye niliyelileta chumbani, na kwamba nilicheka. Alisikiliza akiangalia sakafu. Shangazi akasema, "Asante kwa kuja, mwanangu." Kijana hakusema kitu.

Alikuja Jumamosi mbili baadaye. Mchezo una sehemu nyingine ambapo huongozi ngome, unaongoza mtu mmoja anayetembea duniani, na katika kuchagua unaweza kuwa mmoja wa hawa wanyama-watu. Aliposhika laptop alipitia orodha nzima polepole, akiuliza kila mmoja ni nani. Tembo, kasuku, konokono. Alisimama kwenye mtu-nyani. Wenzake walinitazama mimi. Akamchagua. Mchezo ukamwekea jina, akalifuta, akaandika lake, herufi moja moja, kwa kidole kimoja. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye mji wa kwanza aliouona, akapita mlangoni, hakuna aliyempiga mshale, akaanza kuzungumza na watu wa pale mmoja baada ya mwingine. Alizungumza karibu saa nzima. Ilibidi nimtafsirie kila sentensi, na safari hii nilichagua maneno.

Basi uamuzi wangu kama mhakiki: utafuteni mchezo huu, ni wa bure, unaingia hata kwenye mashine mbovu, na unafundisha kupanga, kusoma na kuvumilia kushindwa kuliko mingi ninayoijua. Lakini anayeongoza kikundi awe tayari kusimamisha mchezo pale kundi linapotoka msituni, aulize watoto: hawa wanatafuta nini? Tunaweza kuwawekea nini nje ya ukuta? Sisi tulijaribu kuacha vikombe nje kwa makusudi. Wakaja, wakavichukua, wakaenda, hakuna aliyekufa, na ngome ilikuwa na vikombe mia mbili.

Na ninyi mnaofanya kazi na mashirika, mnaotusoma pia, najua mna kitufe cha kukubali na cha kukataa karibu kila siku, na najua kimechosha vidole vyenu. Kitu kikipotea chumbani kwenu na macho yote yakamgeukia yule aliyefika jana, muulizeni jina kwanza. Sisi tulichelewa wiki nne kufanya hivyo.

Neno "makako" hatulitumii tena chumbani. Watoto wamechagua lingine wenyewe. Kundi likitoka msituni sasa wanasema, "Yaya, wadadisi wamekuja."